Ukimaliza Naruto, Usikimbilie Upanga Mwingine

"Kaka, nimemaliza Naruto. Nipe nyingine kama hiyo."

Kila shule zikifungwa, ombi hili hunifikia hapa Lamu, mara nyingi barazani baada ya Isha, kutoka kwa vijana wanaorushiana video mpaka simu zao zikajaa. Majibu wanayopeana wenyewe ni yale yale: tazama Bleach, kisha Black Clover, kisha Jujutsu Kaisen. Zote nzuri. Lakini aliyeifuata Naruto, hadithi ya ninja ya Masashi Kishimoto, tangu mwanzo hadi mwisho hakukaa mle kwa ajili ya ninja tu. Kuna kitu kilimshika, na usipokijua kitu hicho utamtajia jina la anime (katuni za Kijapani), lakini hutakuwa umempendekezea chochote.

Kwa hivyo nami huuliza kwanza: ni pahali gani ulirudi kupatazama tena?

Wengi hutaja pale Pain anapoiangamiza Konoha, kijiji cha Naruto, kisha Naruto anakwenda kukaa mbele ya adui yake wazungumze juu ya chuki inayorithiwa. Anayetaja hapo anatafuta hadithi inayouliza kisasi hukomea wapi, na ya kumpa ni Vinland Saga ya Makoto Yukimura, hadithi ya Wavikingi, mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya ya kaskazini. Thorfinn ni mtoto aliyeshuhudia babake akiuawa. Anamfuata muuaji miaka na miaka, akipigana vita visivyomhusu, ili tu apate nafasi ya kupambana naye ana kwa ana. Msimu wa kwanza, wa 2019, umejaa majahazi na mapanga, na vijana huumaliza upesi. Katika msimu wa pili, wa 2023, Thorfinn ni mtumwa shambani, anang'oa visiki, na hapo wengi huacha.

Nawasihi wasiache. Huo wa pili ndio hadithi yenyewe. Na sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kuutazama kwa makini: katika karne ya 19 Malindi ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, na vizukuu vya watu wale tunaishi nao, tunaswali nao, tunaoana nao. Thorfinn na mwenzake Einar wanapofyeka msitu ili mavuno yao yawakomboe, siwezi kuichukulia kuwa habari ya Wazungu wa kale isiyonihusu.

Mapendekezo mengi hupotea njia kwa sababu watu hufuata lebo za shonen na seinen kana kwamba zinataja maudhui. Zinachotaja ni msomaji: jarida hili la manga (hadithi za kuchorwa za Kijapani) limelenga wavulana, ndiyo shonen, lile limelenga watu wazima, ndiyo seinen. Vinland Saga yenyewe ilianza 2005 katika jarida la wavulana, na mwaka huo huo ikahamia jarida la watu wazima, hadithi ikiwa ile ile na mchoraji yule yule. Death Note ilichapishwa katika Weekly Shonen Jump, jarida moja na Naruto na One Piece. Ukipendekeza kwa kufuata lebo, utamwambia aliyempenda Luffy wa One Piece akampende Light Yagami wa Death Note. Aliyeguswa kwelikweli na Death Note, yaani na lile swali la nani ana haki ya kuamua mtu afe au aishi, aende kwa Monster ya Naoki Urasawa, yenye sehemu 74 za anime, inayomhusu daktari aliyemwokoa mtoto ambaye baadaye akawa muuaji. Ni ya watu wazima, na inataka subira.

Kuna wanaodhani mtu wa kisiwani lazima aipende One Piece kwa sababu ya bahari. Tunaipenda, naam. Lakini bahari ya Eiichiro Oda ni njia, ni maji ya kuvukwa ufike kisiwa kinachofuata. Mtu aliyelelewa na wavuvi anajua kwamba bahari ina mambo yake yasiyomhusu binadamu, na hadithi inayolijua hilo ni Children of the Sea ya Daisuke Igarashi, yenye juzuu tano. Msichana Ruka anakutana na wavulana wawili, Umi na Sora, ambao walilelewa na nguva. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakaa kidogo. Nguva ni mnyama wetu. Maji ya upande wa Kiunga ni miongoni mwa sehemu chache za Kenya ambako bado huonekana, tena kwa nadra, na wazee wanazo hadithi zake ambazo watoto wa leo hawajazisikia. Igarashi huchora maji kwa mistari mingi myembamba iliyorundikana mpaka ukurasa unakuwa na kina. Filamu yake ya 2019, iliyotengenezwa na Studio 4°C, inapendeza mno kwa macho, ila theluthi ya mwisho huacha masimulizi ikabaki taswira tupu, na asiyesoma juzuu hubaki anauliza kilichotokea. Soma kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo linalosahaulika kuliko yote katika mapendekezo, nalo ni mkono wa mchoraji. Tunazungumza juu ya visa, wahusika, nguvu za nani zinamshinda nani, tukasahau kwamba manga ni kazi ya kalamu. Kuna watu wanaopenda hadithi kwa sababu ya namna mstari unavyotembea, hata kama hawajui kulisema hilo. Mtu kama huyo usimpe kisa kinachofanana na alichosoma. Mpe mkono mwingine unaojali vile vile.

Na mji huu umejaa watu wa namna hiyo. Ukipita vichochoroni utasikia patasi, utakuta mlango wa nakshi umelazwa chini haujakamilika, na ukitazama kichwani mwa mzee anayepita utaona kofia ya vito iliyoshonwa tundu kwa tundu. Kwa watu hawa pendekezo langu ni moja tu: Otoyomegatari ya Kaoru Mori, iliyoanza kutoka 2008. Ni hadithi ya Asia ya Kati katika karne ya 19, ya bibi harusi Amir anayekuja kutoka ukoo wa wahamaji kuolewa mjini. Mori huchora kila uzi wa darizi, kila ua la zulia, kila pindo la nguo, na hachoki. Katika juzuu ya kwanza kuna sura inayomfuata mtoto Rostem, ambaye hukimbia kazi za nyumbani akakae na mzee mchonga mbao amtazame akitoa nakshi. Mbele kidogo kuna nyingine ambapo bibi anamfunulia mjukuu vitambaa vilivyotariziwa na wanawake wa ukoo, vizazi kwa vizazi, ajue kwamba kila mshono una mwenyewe. Nilimpa juzuu hiyo fundi mmoja jirani yangu, mtu ambaye hajawahi kusoma manga. Alikaa na ukurasa mmoja muda mrefu kuliko mimi nilivyokaa na sura nzima, kisha akaniuliza mchoraji huyu alijifunza uchongaji kwa nani. (Wazazi wapitie kwanza kabla ya kuwapa watoto, zipo kurasa chache za maungo wazi, na ndoa zake ni za zama zile.)

Pamoja na hiyo ningeweka Barakamon ya Satsuki Yoshino, ingawa hutaona watu wakizitaja kwa pumzi moja, kwa kuwa moja ni ya kihistoria na nyingine ni ya kuchekesha. Handa Seishu ni kijana mwandishi wa khati. Mzee mmoja msimamizi wa maonyesho anaisema khati yake kuwa ni ya kunakili kitabuni, haina mtu ndani yake. Handa anampiga ngumi. Babake anampeleka visiwa vya Goto, magharibi mwa Japani, na huko watoto wa kijiji, wakiongozwa na Naru, wanamwingilia nyumbani bila hodi mpaka khati yake inaanza kubadilika. Anime yake ya 2014 ina sehemu 12 tu. Mtu wa funguvisiwa letu, ambako Siyu ilisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu augue kwa sababu ya herufi. Na maisha ya kisiwa, ya jirani kujua umepika nini kabla hujapakua, yamechorwa humo kwa ukweli kabisa.

Magofu nayo yana wapenzi wake. Ukivuka kwenda Takwa, kule Manda, ukaona msikiti uliohamwa karne ya 17 umesimama peke yake kati ya mibuyu, halafu ukalikumbuka shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na nyumba zake za Pate zilizogeuka makao ya ndege na popo, utakuwa tayari kwa Yokohama Kaidashi Kikō ya Hitoshi Ashinano, iliyotoka kuanzia 1994 hadi 2006. Bahari imepanda, miji imezama, watu wanapungua bila vita wala kelele, na Alpha, roboti mwenye umbo la mwanamke, anaendesha mkahawa akimsubiri mwenye nyumba aliyesafiri. Kuna usiku mmoja anatazama taa za barabarani zikiwaka chini ya maji. Sayyid Abdalla aliuonya moyo wake. Ashinano haonyi, ananywa kahawa yake akatazama. Mimi nazihitaji zote mbili. Akitaka nyingine ya namna hiyo, na kali zaidi, kuna Girls' Last Tour ya Tsukumizu, ambayo anime yake ilitoka 2017.

Nimeyaacha mwisho mambo ya viumbe visivyoonekana, kwa sababu hapo ndipo mapendekezo huchanganywa zaidi. Mtu akisema amependa Mushishi ya Yuki Urushibara huambiwa mara moja atazame Natsume's Book of Friends ya Yuki Midorikawa. Kwa juu zinashabihiana: zote zina mtu mmoja anayeona wasiyoyaona wengine, zote za taratibu. Kwa ndani ziko mbali. Ginko wa Mushishi ni kama tabibu msafiri. Mushi, ndio viumbe hao wasioonekana, wanaowasumbua watu hawana uovu, wanaishi tu, na mara nyingine hakuna dawa. Ginko havuti sigara kwa starehe, moshi wake huwaweka mushi mbali naye, na mtu aliyekulia katika nyumba inayofukizwa ubani atalielewa hilo bila maelezo. Natsume ni yatima aliyetupwa kutoka jamaa huyu hadi yule, akarithi daftari la bibi yake Reiko lenye majina ya viumbe aliowashinda, na kazi yake ni kuwarudishia majina yao. Mushishi ni ya mwenye kustaajabia maumbile. Natsume ni ya mpweke. Kwanza umjue unayemshauri ni yupi.

Na kama ni mtu aliyelelewa na bibi msimulizi, basi kabla ya zote mbili apate NonNonBa ya Shigeru Mizuki, iliyotunukiwa zawadi kuu ya kitabu huko Angoulême, Ufaransa, 2007. Mizuki anasimulia utoto wake Sakaiminato, mji wa bandari, na bi kizee aliyemfundisha kila kiumbe kinachojificha darini, bafuni na njiani. Nawajua mabibi wa mtaa wetu wa Mkomani ambao wangekaa na bi kizee yule mpaka alfajiri wakishindana.

Kwa wanaoanza: zile sehemu 26 za Mushishi za 2005 hazitegemeani, kwa hivyo bando likikatika katikati hupotezi kitu, na sehemu ya kwanza, ya mtoto ambaye michoro yake hupata uhai, ni nzuri hasa kwa anayechora. Natsume ifuateni kwa mpangilio kuanzia msimu wa 2008, kwa kuwa upweke wake hupungua mtu mmoja baada ya mwingine, na ukiruka hutawaona watu hao wakiingia.