Chuma ndani ya seli za ini: MRI inatuonyesha nini hasa?

Mwaka 1998 timu ya Ira Fox huko Nebraska, Marekani, ilitangaza habari za binti wa miaka 10 aliyezaliwa na ugonjwa wa Crigler-Najjar. Ini lake lilikosa kimeng'enya cha kuondoa bilirubini, taka ya damu inayogeuza macho kuwa ya manjano na ambayo ikizidi huharibu ubongo. Badala ya kubadilishiwa ini zima, alitiliwa seli za ini zipatazo bilioni 7.5 kupitia mshipa unaoleta damu ya matumbo kwenye ini. Bilirubini ilishuka, na saa alizolala chini ya taa za tiba, ambazo mwanga wake huvunja bilirubini, zikapungua. Kupona kabisa hakupona.

Katika mabilioni hayo, ngapi zilifika, na ngapi ziliishi? Kipande cha ini kinachochukuliwa kwa sindano hueleza habari za pale kilipotoka tu. Ndiyo maana watafiti wakajaribu kuzitia seli alama: zinalowekwa maabara pamoja na chembechembe ndogo mno za oksidi ya chuma, zinazimeza, kisha zinapandikizwa. Chuma huvuruga uga wa sumaku pale kilipo, na picha ya MRI, mashine inayotumia sumaku kupiga picha za ndani ya mwili, huonyesha doa jeusi. Hakuna mionzi, hivyo hata mtoto anaweza kupigwa picha tena na tena.

Faida yake si ya nadharia. Mwaka 2005 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walitumia alama hiyo kwa seli za kinga walizowadunga wagonjwa wa saratani ya ngozi. Sindano iliongozwa na ultrasaundi, lakini MRI ilionyesha kwamba kwa wagonjwa 4 kati ya 8 seli hazikuingia kwenye tezi ya limfu iliyokusudiwa. Bila chuma kile, wangehesabiwa kuwa tiba imeshindwa kuwasaidia, kumbe hawakuipata kama ilivyopangwa.

Kwenye ini, hata hivyo, mambo ni magumu zaidi. Seli ikifa, chuma chake hubaki. Ini limejaa seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kumeza mabaki, nazo hukimeza. Doa linabaki jeusi vilevile. Tena Feridex, dawa ya chembechembe za oksidi ya chuma iliyotumiwa sana kutia alama hizi, ilitengenezwa kwa ajili ya picha za ini kwa sababu seli za Kupffer huifyonza haraka. Upande wa pili, seli iliyoshika vizuri na kugawanyika hugawa chuma chake mpaka doa linafifia. Kwa hiyo iliyokufa yaweza kuonekana, na inayostawi ikapotea machoni.

Wapo wanaotumia florini badala ya chuma, maana tishu laini za mwili karibu hazina florini ya kuonekana kwenye MRI. Lakini lazima seli nyingi zikusanyike mahali pamoja ndipo zionekane, na za ini husambaa.

Kwa maoni yangu, alama hii tusiiache, ila tuipe kazi inayoiweza: saa na siku za mwanzo, kujua kama seli zimefika kwenye ini na zimetawanyika vipi. Habari ya uhai wa seli iachiwe bilirubini ya mgonjwa. Kila ripoti yenye picha za madoa ingetaja picha ilipigwa siku ya ngapi baada ya upandikizaji, na kipimo cha bilirubini cha wiki hiyohiyo kiwekwe kando yake.