Gunia la unga kwa faranga 30

Siku R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, iliponiaibisha, nilikuwa mbele ya wenzangu wa kazi hapa Bukavu, karatasi mkononi, nikitangaza kwamba bei za soko la Kadutu zimeshuka. Mama mhasibu akaniuliza kwa upole: "Ndugu, huo unga wa faranga 30 kwa gunia unauzwa wapi? Nikachukue wote." Walicheka hadi chai ikapoa.

Kosa lilikuwa la mstari mmoja tu. Kwetu bei hutajwa kwa pesa mbili: gunia kwa dola, murongo (kipimo chetu cha sokoni) wa maharage kwa faranga. Jedwali langu lilikuwa na safu ya bei na safu ya aina ya pesa. Wakati ule dola moja tuliihesabu faranga 2.000, basi nikaandika:

if (pesa == "USD") bei <- bei * 2000

Isome kwa sauti, hutaona kasoro: kama pesa ni dola, zidisha. Lakini if huuliza swali moja na kungoja jibu moja, nami niliipelekea foleni ya mistari mia tatu. Ikamtazama aliyesimama mbele peke yake. Yule alikuwa na faranga, basi foleni nzima ikaachwa kama ilivyo, na gunia la dola 30 likabaki 30.

Ilinionya? Ndiyo. Kompyuta ile ilikuwa na toleo la zamani la R, likaandika onyo lake kwa Kifaransa chini kabisa, kisha likaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Na nani husoma maonyo wakati anakimbizana na umeme kabla haujakatika?

Ndiyo maana siwaelewi wanaolalamikia toleo la R 4.2.0, lililotoka mwaka 2022. Tangu hapo, ukiipa if sharti lenye majibu zaidi ya moja, R inagoma. Wanasema programu zao za zamani zimevunjika. Mimi naona zilikuwa zimevunjika tangu siku zilipoandikwa, ila zilinyamaza. Laiti ingegoma mapema, mbele yangu na si mbele ya mama mhasibu!

Nilichohitaji ni ifelse, inayopita foleni yote, mstari kwa mstari:

bei_fc <- ifelse(pesa == "USD", bei * 2000, bei)

Nayo ina vituko vyake. Ipe tarehe, itakurudishia namba tupu: 8 Januari 2022 inageuka 19000, yaani siku zilizopita tangu 1 Januari 1970. Hata hivyo, mtu wa takwimu ningemfundisha hiyo kwanza. if ingengoja hadi aanze kuandika fanksheni zake mwenyewe. Walimu wengi hufanya kinyume, nadhani kwa sababu wao walianza na lugha nyingine.

Halafu kuna NA. Sharti tunalizoea kuwa kweli au si kweli, lakini R ina jibu la tatu, ndiyo NA: haijulikani. Karani akiacha safu ya pesa wazi, ukiuliza kama ni dola unapata NA, na ifelse inaandika NA hiyo hiyo. Hata NA == NA inajibu NA, na ni haki yake: watu wawili usiojua umri wao, utasemaje wamelingana? Njia ni kuuliza kwa is.na, inayojibu kama kitu ni NA au sivyo. Ukiiweka NA ndani ya if, kazi inasimama pale pale. Kwenye wastani ndiko watu hukimbilia na.rm = TRUE, agizo la kuziondoa NA kabla ya kuhesabu, wanainyunyiza kama chumvi, na mistari inaondoka bila kuaga.

Mimi nilizitafuta NA zangu, zikawa saba, nikapanda Kadutu mwenyewe na kalamu. Sita zilijaa kabla ya saa sita mchana. Ya saba ilikuwa ya mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambaye karani hakupata kwake bei wala pesa. Akaniambia bei haitajwi kwa mwenye kalamu, hutajwa kwa mnunuzi. Nikanunua fungu moja, nikaandika.