Mwalimu Mstaafu Yupo Hapa Hapa, Shule Imtafute

Mwalimu wa mji mdogo akistaafu, kazi haimwachi. Kinachokatika ni mshahara na ratiba tu. Asubuhi mtu anapiga hodi akiwa na barua anayotaka ikaguliwe kabla hajaipeleka ofisini. Mchana mzazi anamleta kijana wake aliyefeli: "Mwalimu, wewe atakusikia." Jioni anaitwa kusuluhisha ndugu wanaogombea kiwanja, na kwa kuwa aliwafundisha wote wawili, kila mmoja anaamini mwenzake hatapendelewa. Anayafanya hayo bila malipo, na mengi anayafanya kwa moyo mmoja.

Ninayemlaumu si mji. Mji angalau unajua nyumba yake ilipo. Ninayemlaumu ni shule.

Nimeshawaaga wenzangu kadhaa, na utaratibu haubadiliki. Inasomwa risala, inatolewa zawadi, inapigwa picha ya pamoja mbele ya ofisi. Kabla ya hapo yanafanyika makabidhiano: funguo za kabati, vitabu vya kiada kwa idadi yake, daftari la mahudhurio, chaki zilizobaki. Vyote vinahesabiwa na kutiwa saini. Jumatatu inayofuata darasa lake lina mtu mwingine, na tangu siku hiyo shule haimwiti tena mpaka mahafali au msiba. Katika makabidhiano hayo sijawahi kuona mtu akiuliza swali moja: Mwalimu, unajua nini kuhusu watoto hawa ambacho hakijaandikwa popote?

Na anajua mengi. Mahali padogo mwalimu hafundishi mtoto peke yake, anafundisha ukoo. Alimfundisha mama, akamfundisha mjomba aliyeacha shule kabla ya kumaliza, sasa anaona mwandiko uleule ukirudi mikononi mwa mtoto. Anajua ni nyumba ipi watoto wakianza kuchelewa asubuhi kuna mgonjwa ndani. Anajua ni mtoto gani haonyeshi utundu bali hasikii vizuri upande mmoja, kwa sababu baba yake naye alikuwa vilevile na ilichukua muda mrefu hadi mtu akagundua. Hakuna faili lenye habari hizi. Zimekaa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo tumempa zawadi, tukamwambia akapumzike.

Shuleni kwetu kuna mwalimu kijana, mchapakazi, aliyeumiza kichwa na mtoto wa darasa la tatu. Mtoto alikuwa anasoma kitabu chake bila kukwama hata mara moja, lakini kila mtihani anapata sifuri. Nilimshauri ampeleke kwa mstaafu wetu mmoja, jirani tu na shule. Nilikwenda nao. Mwalimu yule alimwacha mtoto asome ukurasa mzima, akamsifu, kisha akaweka kiganja juu ya picha na kumwomba asome tena. Mtoto akasoma vizuri vilevile. Ndipo akamwambia, "Sasa mwanangu, nisomee neno la mwisho la mstari huu, halafu lile lililo kabla yake." Mtoto akanyamaza. Akaangalia dirishani. Alikuwa amekariri ukurasa wote kwa kumsikiliza mwenzake wa dawati, na macho yake yalikuwa yanasafiri tu juu ya maandishi. "Mama yake alinifanyia hivihivi," mwalimu akasema. "Tulianza upya na herufi za jina lake mwenyewe, maana hizo alizipenda." Mwalimu kijana alikuwa anaandika haraka kwenye daftari lake. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Chuo cha ualimu kinaweza kumfundisha kijana kipimo kile cha kusoma kinyumenyume, na nina imani vingine vinafundisha. Hakuna chuo kitakachomfundisha kuhusu mama yake yule mtoto.

Kwa hesabu ya UNESCO, dunia inahitaji walimu wapya wapatao milioni 44 ifikapo mwaka 2030 ili kila mtoto apate elimu ya msingi na ya sekondari. Wengi wa hao watakuwa wa kuziba nafasi za wanaoondoka kazini, na kati ya wanaoondoka wamo vijana waliokata tamaa mapema. Kijana akipangiwa mji asioujua, darasa limejaa, mkuu wa shule ana makaratasi mpaka usiku, anamuuliza nani? Mara nyingi hana wa kumuuliza. Na mita mia mbili kutoka hapo amekaa mtu aliyeyapitia yote, anayesikia kengele ya shule kila siku akiwa nyumbani kwake na anayejua ikichelewa.

Najua pingamizi la kwanza: mwacheni mzee apumzike, ametumika vya kutosha. Nalikubali kwa nusu. Kumrudisha mstaafu mbele ya darasa zima ni kumwonea. Ualimu unaila miili ya watu. Utafiti uliofanywa katika majimbo ya Iowa na Utah nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, uliwakuta zaidi ya nusu ya walimu wakisema wamewahi kupata matatizo ya sauti maishani mwao, wakati kwa watu wa kazi nyingine idadi haikufika theluthi moja. Ongeza miguu iliyosimama miaka yote hiyo. Kwa hiyo ninachotaka apewe ni kiti, meza, mtoto mmoja au wawili kwa wakati, na mwalimu kijana wa kuzungumza naye. Na asiyetaka, basi. Wapo waliosubiri kustaafu ili walime, wasafiri au walale mpaka jua litoke, na hawana deni kwetu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Walimu vijana wanaogopa kuchungwa. Mstaafu akizoea kukaa nyuma ya darasa, kesho atakuwa anapeleka maneno kwa mkuu wa shule, au atasema enzi zetu mtoto kama huyu alikuwa anachapwa. Hofu hiyo ina msingi, na wastaafu wa namna hiyo ninawajua. Dawa yake ni kuchagua mtu, si kufungulia mlango kila aliyewahi kushika chaki. Asiyeweza kukaa na mtoto bila fimbo asiitwe. Atakayeitwa asipewe mamlaka ya kukagua wala kuandika ripoti juu ya mtu yeyote, na aingie darasani kwa mwaliko wa mwenye darasa tu.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo watu wazuri huanza kuongea habari za wito. Wito haununui dawa. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa serikali za nchi mbalimbali mjini Paris ulipitisha Pendekezo Kuhusu Hadhi ya Walimu, lililoandaliwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha kama Siku ya Walimu Duniani tangu mwaka 1994, kwa nyimbo na hotuba, na wengi tunaoimba hatujawahi kulisoma. Linasema pensheni ya mwalimu ihusianishwe na mshahara wake wa mwisho kiasi kwamba aendelee kuishi maisha yanayostahili. Linasema pia kwamba mwalimu anayeendelea na kazi baada ya kufikia haki ya pensheni kwa sababu ya upungufu wa walimu, miaka hiyo ya ziada ihesabiwe kwenye pensheni yake au apate pensheni ya nyongeza. Ni pendekezo, halimfungi mtu kisheria. Lakini wazo lipo wazi: kazi ya mstaafu ni kazi, na ilipwe. Posho ndogo inayofika kwa wakati ina heshima kuliko cheti cha shukrani.

Neno kwa waliosoma kwake pia. Tunamkumbuka tunapohitaji mdhamini, au mtu wa kuthibitisha kwamba kweli tulisoma pale. Nenda siku ambayo huna fomu mkononi. Mwulize habari za afya yake, mwambie ulikofikia na unachofanya. Mwalimu hupeleka watoto mbele mwaka baada ya mwaka bila kujua waliishia wapi, na kwa wengi niliowasikiliza hilo ndilo linalowasumbua kuliko upungufu wa fedha.

Shuleni kwetu nimeshaandika ombi kwa kamati ya shule: asubuhi mbili kwa wiki, chumba kidogo kilicho karibu na maktaba, watoto wasiosoma bado wapelekwe mmoja mmoja, posho itoke kwenye bajeti ya shule na si mifukoni mwa walimu. Nimependekeza jina la kwanza kuwa la mwalimu yule niliyemwona na mtoto wa darasa la tatu, ambaye ameshaniambia yuko tayari, ila si siku za kliniki yake. Kamati inakaa kabla ya likizo.