Kirusi kikipasua seli, sumu inakwenda wapi?

Kila ziwa linapofunikwa na utando wa kijani wa Microcystis, bakteria ambao wengi huwaita mwani, hufufuka wazo la kuwamaliza kwa virusi vinavyowashambulia. Si wazo geni: Safferman na Morris walitangaza kirusi cha namna hiyo mwaka 1963. Wanaolitetea wana hoja nzuri. Virusi hivi havigusi samaki, na huzaliana vyenyewe palipo na bakteria. Mrututu, dawa ya zamani, huua hovyo na shaba yake hubaki kwenye tope.

Wanaosita huonekana waoga wa jambo jipya. Wanaonewa. Swali lao ni la mtambo wa maji: sumu iko wapi? Seli ikiwa nzima, sehemu kubwa ya maikrosistini, sumu ya bakteria hawa, imo ndani yake. Tia shabu, seli zigandamane na kutuama, mchanga wa chujio unase zilizosalia. Sumu inaondoka na tope. Sasa chukua kirusi Ma-LMM01 cha Ziwa Mikata, Japani. Saa 6 hadi 12 baada ya kuambukizwa, seli hupasuka na kutoa virusi 50 hadi 120. Sumu nayo humwagika, ikayeyuka majini, na mchanga hauishiki. Maji yanapungua ukijani huku yakizidi hatari.

Agosti 2014, zaidi ya watu 400,000 wa Toledo, Marekani, walikatazwa maji ya bomba ya Ziwa Erie. Hata kuyachemsha walikatazwa, maana moto hauvunji sumu hii. Maji hupungua, sumu ikakolea. Watafiti walikuta dalili za kijenetiki kwamba virusi vya ziwani vilikuwa vikiwashambulia Microcystis, na huenda vilichangia kuimwaga sumu.

Ni kweli, mrututu pia hupasua seli. Lakini siku ya kuumwaga hupangwa. Kirusi hakisemi kitapasua lini. Kwa hiyo sampuli ziwe mbili: moja ichujwe, nyingine igandishwe na kuyeyushwa mara 3 ili seli zake zipasuke, kisha zipimwe. Sumu ya iliyochujwa ikiikaribia ya pili, seli zinapasuka. Hapo ongeza mkaa amilifu wa unga, unaonasa sumu iliyoyeyuka, na shusha pH chini ya 8 kabla ya klorini. Maji ya kijani mara nyingi hupita 9, na hapo klorini huivunja sumu polepole mno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita.

Bwawa lisilonywewa na mtu wala mnyama linafaa kwa majaribio. Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, Kenya, ambako familia za wavuvi huchota maji ya kunywa moja kwa moja ziwani, bila shabu wala mkaa, haifai.