Shingo ya Zod na Watu wa Chini ya Kifusi

Zaidi ya miaka kumi imepita tangu Superman alipomvunja shingo Zod, adui kutoka Krypton, sayari yake ya asili, ndani ya kituo cha treni, na ubishi wake bado haujapoa. Wakutane mashabiki watatu wa sinema, mmoja alitaje jina la Henry Cavill, mwigizaji wa Superman huyo, papo hapo watagawanyika. Wapo wanaosema Man of Steel, filamu ya Zack Snyder iliyotoka Juni 2013, ndiyo ya kwanza kumfanya Superman awe mtu wa kuaminika, mwenye hofu na majonzi kama sisi. Wapo wanaosema ndiyo iliyomuua Superman wao. Mimi nilianza katika kundi la kwanza, nikahamia la pili, na baada ya kuitazama tena mwezi uliopita nimejikuta nje ya yote mawili. Naona muda wote huo tumekuwa tukigombania tukio ambalo silo.

Kwanza tuone filamu hii ilitokea wapi. Superman alizaliwa mwaka 1938 katika jarida la Action Comics, kazi ya vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Kwenye sinema, aliyemtia mioyoni mwa watu ni Christopher Reeve, mwaka 1978. Superman wake alikuwa na tabasamu, alizuia maafa, na bado alipata nafasi ya kumshusha paka wa mtoto aliyekwama mtini. Mwaka 2006 studio ya Warner Bros. ilijaribu kuufufua moyo uleule kwa Superman Returns, ikamchukua Brandon Routh, kijana aliyefanana na Reeve kuanzia sura hadi sauti. Filamu iligharimu zaidi ya dola milioni 200, ikaingiza kama milioni 390 dunia nzima. Kwa hesabu za Hollywood hiyo haikuwa sherehe.

Wakati huohuo, Batman wa Christopher Nolan alikuwa amevuka dola bilioni moja kwa filamu yake ya mwaka 2008, akiwa hana hata chembe ya mzaha. Studio ikaona njia ni hiyo. Nolan akawa mtayarishaji, David S. Goyer akaandika hadithi, Snyder akaongoza, na kila kitu kikaanzishwa upya. Ile kaptula nyekundu ya juu ya vazi ikaondolewa. Muziki wa John Williams, ambao watu wa rika langu tukiusikia tu nywele zinasimama, ukawekwa kando, Hans Zimmer akatunga mpya. Na shujaa mwenyewe akawa mtu wa kuhamahama, leo kibarua kwenye meli ya wavuvi, kesho amepotea, mtu aliyefundishwa tangu utotoni kujificha.

Watazamaji walioulizwa na CinemaScore, kampuni inayopima maoni ya watazamaji, walipotoka ukumbini waliipa alama ya A-. Wakosoaji wa magazeti waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Wikendi ya kwanza Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 116, ya pili mapato yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60, na mwishowe dunia nzima ikafika kama milioni 670. Yaani watu walikuja kwa wingi, wengi wakatoka wameridhika, na bado kuna kitu kiliwakaba wasiokuwa wachache.

Wengi wakiulizwa ni kitu gani, wanataja shingo ya Zod. Tukio lenyewe liko hivi. Superman amemkaba Zod kwa nyuma. Macho ya Zod yanatoa miale ya moto inayokata ukuta, na miale hiyo inasogea polepole kuelekea kona walikojibana watu wa familia moja wasio na pa kukimbilia. Superman anamsihi aache. Zod anakataa. Unasikia mlio wa mfupa, kisha kimya, kisha Superman anapiga ukelele. Anapiga magoti, na Lois Lane, mwandishi wa habari ampendaye, anakuja kumkumbatia.

Wanaolaumu hawasemi kwamba mashujaa wasiue. Hoja yao ina nguvu zaidi ya hapo: Superman alibuniwa ili awepo angalau mmoja anayeipata njia ya tatu pale sisi tunapoona mbili tu. Ile kona ilijengwa na waandishi. Wao ndio walioiweka familia pale, wakafunga milango yote, halafu wakatuambia hakuwa na la kufanya. Mark Waid, mwandishi wa katuni aliyewahi kusimulia upya asili ya Superman katika Birthright, aliandika kwamba filamu ilimvunja moyo. Uzito wa maneno yake uko hapa: ile habari kwamba herufi ya kifuani ni alama ya matumaini kwa watu wa Krypton, ambayo filamu inajivunia, imetoka kwenye kitabu chake. Hata Nolan, kwa maelezo ya Snyder na Goyer wenyewe, mwanzoni aliukataa mwisho ule.

Nimeupima upande huo kwa haki na bado sikubaliani nao. Zod ameshasema wazi kwamba hataacha hadi amalize binadamu wote, na kwamba kati yao wawili lazima mmoja afe. Ni mtu aliyezalishwa kwa ajili ya vita, na hakuna gereza duniani la kumshika. Juu ya hayo, ni wa mwisho wa kabila la Superman. Kijana aliyetafuta watu wake miaka yote anawapata, kisha anamuua wa mwisho kwa mikono yake ili kuwaokoa watu asiowajua majina. Ule ukelele unabeba yote hayo. Mwaka 1980, katika Superman II, Zod aliyekwisha kunyang'anywa nguvu anatumbukizwa kwenye shimo la ukungu, na tulishangilia. Katika katuni za mwaka 1988, John Byrne alimfanya Superman awaue wahalifu watatu wa Krypton kwa makusudi, wakiwa hawana tena nguvu za kumpinga. Basi kama ni kuua, hakuanza 2013. Kilichoanza 2013 ni kuua kunakomuuma muuaji, na sioni vipi hilo limemshusha.

Nikiri pia jinsi nilivyolelewa kama mtazamaji. Sisi wa vibanda vya video tulikuwa na kanuni mbili: steringi hafi, na adui hatoki salama. Tuliwaona kina Schwarzenegger wakifyeka jeshi zima na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo mara ya kwanza niliposikia kelele za watu kuhusu shingo ya Zod nilidhani ni mambo ya Wamarekani na katuni zao. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwao huyu hayupo kwenye foleni moja na masteringi wengine. Mtoto anavalishwa kanga nyekundu mgongoni, au taulo, na kuambiwa awe mwema kama yule. Mtu wa namna hiyo ukimwona anavunja shingo, kinachovunjika ni ahadi uliyopewa ukiwa na miaka sita. Maumivu hayo nayaheshimu.

Kuna tukio jingine linalozungumzwa kidogo kuliko linavyostahili, nalo ni kifo cha baba mlezi, Jonathan Kent, aliyeigizwa na Kevin Costner. Awali Clark, yaani Superman kwa jina la nyumbani, akiwa mtoto aliokoa basi la wanafunzi lililotumbukia mtoni. Anamuuliza baba yake, je, alitakiwa awaache wafe? Baba anajibu: labda. Miaka kadhaa baadaye kimbunga kinawakuta barabarani, baba anarudi garini kumtoa mbwa, anaumia mguu, na Clark anataka kukimbia akamchukue. Ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Baba ananyoosha mkono: usije, watu watakuona. Clark anabaki amesimama, na kimbunga kinamchukua mzee.

Marekani niliona wengi wakilikejeli tukio hili, kwamba mtu amekufa kwa ajili ya mbwa na mwanawe mwenye nguvu za ajabu amesimama tu. Mimi kila nikiliona linanishika koo. Ule mkono ulionyooshwa naujua. Ni mkono wa mzazi ambao huuvuki hata ukiwa na ndevu zako, hata ukijua kakosea. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyesikia ndiye aliyevunjika. Lakini naona pia kwa nini waliomzoea baba wa mwaka 1978, aliyekufa kwa moyo mbele ya mtoto asiyeweza kumsaidia, walihisi wameporwa. Kifo kile kilimfundisha Clark kwamba nguvu zake zina mpaka. Hiki kinamfundisha kuogopa watu, na filamu haimwonyeshi vya kutosha akiacha kuwaogopa.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo kwangu ndilo lenyewe, ingawa halina mlio wa mfupa.

Zod anataka kuigeuza Dunia iwe Krypton. Anatumia mitambo miwili inayotumiana mapigo ya nguvu kupitia katikati ya Dunia: mmoja juu ya jiji la Metropolis, wa pili kusini mwa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, ingawa mbali na pwani zetu. Superman anaenda kuuvunja huo wa baharini. Nyuma yake, kwa dakika nyingi, maghorofa yanabonyea na kuanguka, vumbi linafunika mitaa, watu wanakimbia wakiwa weupe kwa majivu. Hakuna mtazamaji wa New York aliyehitaji kuelezwa picha hizo zimetoka wapi. Ni za mashambulizi ya Septemba 2001. Kisha Zod na Superman wanaanza wao wawili, wakipenya majengo upande huu na kutokea upande wa pili.

Wanaomtetea wanasema, na ni kweli, kwamba hangeweza kuwa pande mbili za dunia kwa wakati mmoja. Kwamba ile ndiyo mara yake ya kwanza kupigana na wanaomlingana. Kwamba kule Smallville aliwaambia watu wajifungie ndani. Yote nayakubali. Lawama yangu simpi Clark, naipa kamera. Haiingii kwenye hata jengo moja kati ya yale yanayoanguka. Mtambo unapozimwa, Superman na Lois wanabusiana katikati ya majivu na kutaniana. Baada ya ukelele wa Superman, tunaruka hadi kwenye mzaha na jenerali wa jeshi, kisha ofisi ya gazeti la Daily Planet iliyo safi, simu zinalia, kijana mpya anaripoti kazini. Jiji lililopoteza watu wengi hivyo halijafanyiwa hata matanga. Superman analia kwa ajili ya Zod, na anastahili kulia, ila hakuna aliyelia kwa ajili ya wengine wote.

Mwezi uliopita niliitazama na mpwa wangu wa miaka 11, ambaye hakujua lolote kuhusu ubishi huu. Shingo ilipovunjika hakusema kitu. Aliona adui amekufa. Aliuliza mapema zaidi, ghorofa lilipokuwa linaanguka: "Mjomba, mle ndani hakuna watu?" Nikamwambia wapo. Akauliza mbona hawaonyeshwi. Sikuwa na jibu.

Snyder naye alilisikia swali hilo. Batman v Superman, mwaka 2016, karibu na mwanzo wake inamwonyesha Bruce Wayne, yaani Batman, akikimbia ndani ya vumbi lilelile la Metropolis kuelekea jengo lake linaloanguka. Mashabiki wanasema huo ni ushahidi kwamba mpango ulikuwapo tangu mwanzo. Kwangu ni filamu nzuri ya dakika chache iliyochelewa miaka mitatu, na mtu aliyekata tiketi mwaka 2013 hakudaiwa kusubiri.

Julai 2025 James Gunn alianza tena upya, akiwa na David Corenswet. Kaptula nyekundu ikarudi, na katikati ya pambano na dude kubwa Superman anasita ili kumnyakua kindi asipondwe. Waliomkosa Reeve walifurahi. Wa upande wa Snyder waliona ni utoto, na filamu imejaa wahusika hadi mtu hapumui. Kwenye hilo la pili nawaunga mkono. Mapato yake dunia nzima, kama dola milioni 615, yalibaki chini ya yale ya 2013, japo Marekani kwenyewe iliingiza zaidi. Kwa hiyo hata sanduku la tiketi halijaamua nani alikuwa sahihi.

Narudi Metropolis, kwa sababu kuna dakika moja mle ambayo pande zote mbili huisahau. Jenny, mfanyakazi kijana wa gazeti, amenaswa chini ya kifusi. Mhariri wake, Perry White, aliyeigizwa na Laurence Fishburne, anajaribu kumchomoa pamoja na mwenzao mmoja. Nondo haiinuki. Mtambo unakuja, kila kilicho mbele yao kinapondwa. Perry ana miguu mizima na nafasi ya kukimbia, lakini anachuchumaa, anamshika Jenny mkono, na kubaki naye. Ndipo mtambo unazima, kwa sababu upande wa pili wa dunia Superman amepasua ule wa baharini. Hakumwona Jenny. Hakujua kama yupo. Dakika chache baadaye, akiwa bado na vumbi usoni, Jenny anamwona akishuka kutoka angani, na anasema ametuokoa.