Akiuawa ndovu dume mzee, nani anabaki Galana?

Kiangazi kikikaza, ndovu huteremka kutoka hifadhi ya Tsavo Mashariki wakiufuata mto Galana hadi kwenye mashamba ya Chakama na Langobaya, bara ya Malindi. Barazani kauli huwa moja: lile dume kubwa lenye pembe ndefu ndilo linalotumaliza, lipigwe risasi tulale. Ni kauli ya watu waliochoka. Mtu aliyekesha akipiga debe na kumulika tochi, halafu kukipambazuka akakuta mahindi yamelazwa na migomba imetafunwa, hadaiwi mapenzi kwa ndovu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi familia shilingi milioni 5 mtu akiuawa, lakini mara nyingi fedha hizo huchukua miaka kufika.

Hasira hiyo naielewa. Ninachohofia ni nani watakaoachiwa pori yule mzee akishaanguka.

Ndovu dume akikaribia miaka 30 huanza kupitia kipindi ambacho wataalamu wanakiita musthi. Homoni ya testosteroni hupanda maradufu kwa maradufu. Majimaji mazito hutoka kwenye tezi iliyo kati ya jicho na sikio na kuacha michirizi myeusi shavuni, mkojo humdondoka hadi miguu ya nyuma ikalowa, naye hutembea kichwa juu akisaka majike. Hapo ni hatari kweli, na hata dume aliyemzidi mwili humpisha. Joyce Poole na Cynthia Moss waliieleza hali hii kwa ndovu wa Amboseli mwaka 1981. Jambo lisilosemwa barazani ni kwamba dume mwenye musthi hula kidogo na hukonda. Anayerudi usiku baada ya usiku kumaliza mahindi, aghalabu anasukumwa na tumbo.

Yaliyotokea Pilanesberg, Afrika Kusini, yanafaa kusimuliwa kila baraza. Ndama mayatima walihamishiwa huko kutoka hifadhi ya Kruger, wakubwa wao wakiwa wameuawa ili kupunguza idadi. Wakakua bila dume mzee hata mmoja. Musthi ikawaingia mapema mno, wengine wakiwa na miaka kama 18, na ikawakaa muda mrefu. Kati ya 1992 na 1997 vijana hao waliua vifaru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa. Musthi ya vijana ikafupika, mauaji yakakoma. Wazee hawakufanya lolote ila kuwapo: kijana akikabiliwa na dume mkubwa mwenye musthi, dalili zake hukatika. Hakuna askari wala dawa inayoweza kuifanya kazi hiyo katika pori zima.

Atakayepinga ana hoja. Pilanesberg ni hifadhi ndogo iliyozungushiwa ua; Tsavo Mashariki pekee inazidi kilomita za mraba 13,000, na wazee wengine bado wapo. Dume mmoja akiondolewa, mpangilio hautavunjika kesho. Sawa. Lakini majangili nao huwalenga hao hao wenye pembe kubwa. Satao, dume mmojawapo wa hao, aliuawa kwa mshale wa sumu humo humo Tsavo Mashariki mwaka 2014, na dume wa kuziba nafasi kama ile huchukua zaidi ya miaka 40 kukua. Tukiongeza risasi zetu juu ya mishale yao, tutakuwa tunawafungulia mlango vijana wasio na wa kuwazuia, na watakaokutana nao kwanza ni hawa hawa wakulima wa kandokando ya mto.

Ndovu aliyeua mtu na kutambuliwa bila shaka, kwa mipasuko ya masikio na umbo la pembe, KWS, shirika la serikali la wanyamapori, imwondoe. Huyo simtetei. Kumchagua mnyama kwa ukubwa wake tu ndiko ninakokataa. Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa, nyuki hutoka, naye hugeuka. Chakama ningeanza na mizinga hiyo, na fidia zilizokwama zilipwe, kabla ya bunduki yoyote kutolewa.