Mafuta ya mimea yapunguze sumu shambani, yasiifiche

Dawa ikishindwa kuua wadudu, wengi wetu hukimbilia kuongeza kipimo. Matokeo yake tunayajua: wadudu dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaliana. Nondo wa kabichi alikwisha kuonyesha usugu dhidi ya kiuadudu cha DDT kule kisiwani Java, Indonesia, mwaka 1953, na tangu hapo ameyashinda makundi mengi ya dawa.

Ndiyo maana naunga mkono kwa dhati wazo la kuongezea viuadudu mafuta tete, yale ya mimea yenye harufu kali kama mchaichai na karafuu. Mdudu sugu mara nyingi ana vimeng'enya vinavyoivunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Baadhi ya viambata vya mafuta haya huvizuia vimeng'enya hivyo. Vingine hulegeza nta iliyofunika mwili wa mdudu, sumu ikapenya upesi. Dawa kidogo inaweza kutosha. Wazo lenyewe ni la zamani: kufikia 1940 ilishajulikana kwamba mafuta ya ufuta (ingawa hayo si tete) huipa nguvu pareto, dawa ya wadudu itokanayo na maua, na piperonili butoksaidi, kemikali ya kuzuia vimeng'enya hivyo inayoongezwa kwenye pareto hadi leo, imetengenezwa kwa miaka mingi kutokana na safroli ya mafuta ya sasafrasi.

Ninachokipinga ni ile kauli kwamba kitu kikitoka kwenye mmea basi ni salama. Nyuki naye ana vimeng'enya vya aina hiyo, na ndivyo vinavyomkinga. Ukivizima kwa piperonili butoksaidi, dawa ya wadudu iitwayo thiacloprid inakuwa na sumu kali zaidi kwake kuliko ilivyokuwa peke yake. Wadudu rafiki wanaokula vidukari nao wamo hatarini. Kiongezea nguvu hakichagui adui.

Halafu kuna usugu wa aina nyingine, ambapo sehemu ya neva inayolengwa na sumu imebadilika. Hapo kuzuia vimeng'enya hakusaidii sana, kwa hiyo chanzo cha usugu kipimwe kwanza. Michanganyiko mingine hata huidhoofisha dawa. Mafuta yakizidi huunguza majani, na nguvu yake hutofautiana kulingana na aina ya mmea na wakati wa kuvuna.

Kwa hiyo simshauri mtu achanganye kwa kukisia kwenye bomba la kunyunyizia. Nataka bidhaa iliyopimwa, lebo yake ikionyesha kipimo cha sumu kilichopunguzwa na athari zake kwa nyuki. Kampuni ikiongeza mafuta huku kipimo cha sumu kikibaki kilekile, mimi siiungi mkono.